Mwenye Duka wa Ubaoni

Miaka ile ya foleni za sukari na sabuni nilikuwa mwalimu wa Kiingereza katika shule ya sekondari huko Bunda. Nilitoka kijiji cha wavuvi ng'ambo ya Musoma, nimekulia kwenye dagaa na ugali wa muhogo, na nilidhani cheti changu cha ualimu kingetosha. Nilikuta ubao, chaki za kuhesabika na wanafunzi wenye njaa ya kila kitu. Riwaya pekee ya Kiingereza iliyokuwa ofisini haikuwa na kurasa za mwisho. Mlinzi fulani wa zamani alikuwa amezisokotea tumbaku, kwa hiyo hakuna aliyejua kama yule bwana wa hadithi alimwoa yule bibi.

Nikaanza na viambishi awali, maana havihitaji kitabu. Niliandika ubaoni un-, dis- na mis-, nikaeleza kwamba ukibandika kipande kama hicho mbele ya neno, maana inageuka. Happy ni mwenye furaha, unhappy hana furaha. Honest ni mwaminifu, dishonest si mwaminifu. Kidato cha pili walielewa upesi kuliko nilivyotaka. Wiki haikuisha wakawa wamebandika kila kitu pale shuleni. Uji wa asubuhi usio na sukari ukaitwa un-sugar. Shati lililofuliwa kwa majani ya mpapai, bila sabuni, likaitwa dis-soap.

Kulikuwa na msichana mmoja kutoka Butiama, mrefu, aliyekaa dawati la nyuma na kuuliza maswali kama hakimu. Akanyoosha mkono.

"Madam, uncle ni mtu asiye nini?"

"Uncle ni mjomba. Au baba mdogo."

"Lakini ina un- mbele. Ukiitoa inabaki cle. Sasa huyo cle ni nani?"

Kabla sijajibu, mvulana ambaye baba yake alikuwa akichimba dhahabu Buhemba akadakia. "Na missing, Madam? Mis- ni vibaya, sing ni kuimba. Basi mimi kwenye kwaya yetu nilikuwaga missing kila Jumapili, mpaka mchungaji akanitoa."

Darasa likapasuka kwa kicheko. Niligeukia ubao nikajifanya nafuta, ili wasione kwamba na mimi nacheka.

Baada ya viambishi ilikuja kazi ya kuchambua wahusika. Mtihani ulitaka mwanafunzi aseme mhusika ana tabia gani, halafu atoe ushahidi kutoka kwenye hadithi. Sasa hadithi ningeitoa wapi? Nikaitunga mwenyewe. Kila kipindi niliandika aya moja ya Kiingereza chepesi ubaoni, wao wakanakili. Mhusika wangu alikuwa mwenye duka mnene asiye na jina. Kila aliyeomba sukari aliambiwa imekwisha, na kumbe stoo kulikuwa na gunia zima. Juu ya gunia nilimlaza paka, ili anayechungulia aone paka tu.

Walimpenda vibaya sana mtu yule. Wakamwita unkind, yaani hana huruma, wakamwita dishonest, wakamwita impatient, yaani hana subira. Nami kila mara nikapaza sauti: "Ushahidi!" Nao wakanisomea mstari wenyewe, wengine wakiigiza na sauti ya paka.

Kitu ambacho sikukifikiria ni kwamba wanafunzi hurudi nyumbani. Na ule ulikuwa wakati wa msako wa walanguzi walioficha bidhaa. Gari la polisi likisimama mbele ya duka, mwenye duka alikuwa akiongea na Mungu.

Siku moja mkuu wa shule akaniita ofisini. Alikuwa mzee mpole ambaye akicheka hatoi sauti, mabega tu ndiyo hucheza. Mbele yake alikaa mwenye duka wa karibu na stendi, kofia ameipakata.

"Madam," mkuu akasema, "mzee wetu analalamika umemwandika ubaoni."

Nikamwamkia shikamoo, akaitikia kwa uchungu. "Mwanangu, nimekukosea nini? Mtoto wangu ameniita dishonest mezani, mbele ya mama yake. Nikauliza maana yake, nikaambiwa!"

"Mzee, yule ni mtu wa kubuni tu. Hayupo."

"Ana paka?"

"Ndiyo, ana paka."

"Na mimi nina paka."

Mkuu akauliza taratibu, "Huyo paka wako analalaga wapi, mzee?"

Mzee akaivaa kofia, akaivua tena. "Paka ni paka. Analalaga popote." Akaaga, akaondoka.

Kesho yake akaja mwingine, mwenye duka la kule sokoni. Huyu hakutaka hata kukaa.

"Mimi paka sina," alisema, "lakini watu wote wanajua ni mimi."

"Wamejuaje?" mkuu akamuuliza.

"Si kwa sababu ya lile gunia!"

Mkuu alikuwa anatazama dirishani, na mabega yameanza kucheza. "Gunia lipi, mzee?"

"La... la kwenye hadithi."

Wa tatu alikuwa mama mmoja wa kitenge kikubwa. Alinikuta uani nikitoka darasani, akasimama mbele yangu. "Wewe binti ni mjanja kweli! Umenigeuza mwanaume ili nisijijue!"

Mkuu alikuwa amehangaika muhula mzima kutafuta sukari ya uji wa wanafunzi, na wote watatu walishamwambia imekwisha. Hakumtisha mtu. Alimwambia kila mmoja maneno yaleyale, kwa upole uleule: "Hadithi bado inaendelea. Hata Madam mwenyewe hajui yule bwana ataishiaje."

Wiki ile sukari ikaanza kufika shuleni, ikauzwa kwa bei ya serikali. Watatu wale walikuja kwa saa tofauti, kila mmoja akinong'ona, kila mmoja akidhani ni yeye peke yake. Uji ukawa mtamu hadi wanafunzi wakawa na wasiwasi nao.

Mkuu akaniita tena. "Madam, yule mwenye duka wako, hawezi kubadilika kidogo? Watu wamejitahidi."

Nikamtii. Aya iliyofuata ilisema kwamba mwenye duka aliamka asubuhi akiwa na moyo laini, akafungua gunia, akawauzia watu wote huku anatabasamu. Nikaliambia darasa lichambue tabia yake mpya. Msichana wa Butiama akasimama.

"Madam, ushahidi uko wapi?"

"Ameuza sukari."

"Hiyo inaonyesha ameuza. Haionyeshi kwamba ni honest. Jana alikuwa dishonest. Usiku umetokea nini?"

Mvulana wa Buhemba akasema labda ameota ndoto. Mwingine akasema labda ameona polisi. Mwingine akatetea kwamba mtu anaweza kubadilika bila sababu, hata shangazi yake aliacha pombe ghafla tu. Waligombana mpaka kengele ikalia, na waligombana kwa Kiingereza, kibovu na chenye kelele, bila mimi kuwaomba. Mimi nilikaa kwenye meza yangu nikitafuta namna ya kumtetea mtu niliyemtunga mwenyewe, nikaikosa.

Msichana yule akaandika insha fupi. Alisema mwenye duka hajawa mwaminifu, ameogopa tu, na siku hofu ikiisha sukari nayo itaisha. Nilimpa alama za juu kuliko wote. Mkuu aliisoma akiwa amesimama, mabega yakicheza, kisha akanirudishia.

"Ni kweli tupu," alisema. "Lakini usiibandike ukutani mpaka muhula uishe."

Miaka ikapita, biashara ikafunguliwa, mambo yakawa ruksa. Nilikuwa nimehamishiwa Musoma mjini, nimepanga chumba mtaa wa Iringo, na sukari ilikuwa inauzwa na kila mtu, hata na fundi viatu. Vitabu navyo vikaja, maboksi mazima yenye harufu ya gundi mpya. Riwaya tuliyopewa ilikuwa na kurasa zake zote. Ilimhusu bwana mmoja wa Ulaya aliyekuwa akitembea na mwavuli kutoka nyumba hii kwenda ile, kunywa chai na kusikitika. Wanafunzi wangu wapya, wengi wao watoto wa wavuvi na wachuuzi, walimchambua kwa adabu kubwa. Siku ya nne mmoja akanyoosha mkono.

"Madam, huyu bwana kwani anafanyaga kazi gani?"

Nilipekua kitabu kizima mbele yao. Hakikusema.