Bobi Alipoomba Kutoka

Jamani, hii naona aibu kuisimulia hata kwenu ninyi mlioniona katika mengi, lakini kila nikipita Mangobo karibu na kwa tantine, shangazi yangu, uso unaniwaka, basi acheni niitoe.

Papa, baba yangu, alipofariki familia ikagawana vitu vyake. Tantine Rejina, dada yake, akachukua kiti chake kikubwa cha kekele, zile kamba za msituni, alichosukiwa zamani, wengine redio, wengine masufuria, na mbwa wake Bobi hakuna aliyemtaja. Nikabaki naye mimi kwenye chumba cha kupanga, na mwenye nyumba akasema mbwa atoke kabla mwezi haujaisha. Tumaini langu likawa tantine amchukue (mwanamke msafi huyo, sakafu yake unaogopa kuikanyaga). Nikamwapia kwenye simu kwamba Bobi ana adabu, hajawahi kuchafua ndani, na ilikuwa kweli.

Jumapili ile mvua ilikuwa imenyesha. Nikampakata Bobi juu ya toleka, baiskeli ya kubeba abiria, mpaka kwa tantine, na tuliposhuka akajivuta kuelekea kwenye nyasi, mimi nikaona atajaa matope na kuniharibia sifa, nikambeba vilevile hadi ndani. Hapo ndipo nilipojimaliza.

Ndani tukamkuta Mama Mchungaji wa kanisa lao, amekaa kwenye kiti cha papa, amejifunga kikwembe kipya cha kitenge, na tantine hata hakutukaribisha vizuri, akasema, "Tusali kwanza," akafumba macho. Maombi ya tantine mnayajua: akaanza na marehemu, akaingia kwa wagonjwa, akashuka kwa wasafiri. Bobi akaenda mlangoni akakwaruza. Akarudi, akanitazama, akalia kidogo, akakwaruza tena. Alikuwa ananiomba, kama alivyomwomba papa kila asubuhi. Lakini nani anainuka katikati ya maombi ya mtu uliyekuja kumwomba msaada? Nikamvuta kwa kamba, nikambana kwa magoti, nikasema amina kwa sauti.

Akaniponyoka. Akaenda moja kwa moja kwenye kile kiti, akakinusa, mkia ukaanza kumtikisa mwili mzima, akilia kwa furaha, na mkojo ukamshinda palepale. Kikwembe, viatu, sakafu, vyote.

"Yesu wangu!" Mama Mchungaji akapanda juu ya kiti. Mimi nikavua shati nikaanza kupangusa, kifua wazi mbele ya mtumishi wa Mungu (na shati lenyewe la kuazima).

"Ulisema hii imbwa iko na adabu," tantine akasema.

"Tantine, aliomba kutoka. Ni miye nilimukatalia."

"Bon, mutoto wangu. Weye utakula hapa siku zote. Lakini imbwa, non. Enda naye."

Bobi alikuwa ameshalala chini ya kiti, kidevu sakafuni, kama enzi za papa. Ilibidi nimburute kumtoa, na njia nzima nililia bila kujificha.

Nikampa mtu mmoja wa upande wa Bangboka aliyetaka mlinzi wa shamba. Akamfunga mnyororo mbele yangu. Sasa ninajua: ukifika kwa watu mzungushe mbwa nje kwanza, matope au si matope, na akikwaruza mlango inuka, awe anasali nani. Ninajua vizuri sana, na mbwa sina. Asubuhi bado ninaamka saa ile ile aliyokuwa akikwaruza, ninafungua mlango, halafu ninaufunga.