Mchumba wangu amefuta sauti ya marehemu baba kwenye kifaa nilichokiunda mimi

Admin, jina langu lifiche kabisa, Mwanza hapa tunajuana. Mimi ni dada wa miaka 29, fundi wa vifaa vya umeme, nimechumbiwa na mahari imeshapokelewa. Naandika huku nimejaa hasira.

Marehemu baba alipofuka ukubwani. Nyumbani ni Usagara, karibu na njia panda, magari yanatoka kila upande, na mzee alikuwa hataki kabisa kushikwa mkono. Nikaamua kumuundia kifaa cha kuvaa: maikrofoni mbili, bodi ndogo ya kompyuta, kadi ya sauti na hedifoni. Gari likija kushoto, alisikie kushoto.

Kilinisumbua hicho! Kwanza sikio moja la hedifoni likawa bubu. Lilipopona, kumbe kadi ya sauti imegeuza pande. Nasimama kushoto kwa baba namwamkia shikamoo, yeye anageukia kulia. "Marahaba. Ng'wanawane," yaani mwanangu kwa Kisukuma, "mbona sauti iko huku na harufu ya sabuni yako iko kule?" Tulicheka mpaka mama akatoka jikoni. Nikazirudisha pande kwa programu, mambo yakakaa sawa. Ile shikamoo yangu na marahaba yake nikazirekodi humohumo ziwe za majaribio: ukikiwasha tu, kushoto mimi, kulia baba. Akafariki kabla hajakizoea. Sauti yake haikubaki popote pengine.

Mchumba wangu, tumwite D, ni fundi mwenzangu, tunatumia meza moja. Shirika fulani lilipotafuta vifaa vya wasioona, akasema yeye ndiye anayejua kuongea mbele za watu, nimwachie. Nilimwamini, jamani. Siku ya siku akasimama ukumbini akasema kifaa amekibuni mwenyewe. Kisha akaninyooshea kidole. "Na yule ni mchumba wangu, ndiye anayeniletea chai nikiwa kazini."

Watu wakapiga makofi. Akakiunganisha na spika za ukumbi, akakiwasha. Mimi nimekaa nasubiri marahaba ya baba, nikajua hapo ataumbuka. Ikatoka sauti ya D mwenyewe ikisema moja, mbili.

Nilipombana nje, hakuona hata haya. Eti zile sauti zingeleta maswali, kwa hiyo alifuta kila kitu na kuweka programu upya. "Marehemu harudi kwa kurekodiwa," akaniambia.

Jana kanipigia, mpole utadhani si yeye. Kifaa kinageuza pande na hajui sababu. Mimi naijua, alifuta na marekebisho yangu. Shirika limeshakikubali, wiki ijayo wasioona wanaanza kukivaa barabarani, na yeye anaona aibu kuliambia shirika, anataka niende nikirekebishe kimyakimya. Dada yake naye kanipigia, eti mke mwema humsitiri mumewe. Mume yupi?

Nikienda, namkabidhi kazi ya baba kwa mikono yangu mwenyewe, halafu niolewe naye. Nikikaa kimya, kuna mzee wa watu atasikia gari liko kulia, atakwepa kushoto, na gari liko hukohuko kushoto. Nikienda kusema kwa shirika wataniuliza ushahidi, na ushahidi wangu ulikuwa ile marahaba.

Ndugu zangu, msinitukane, nishaurini. Mngekuwa mimi mngefanya nini?