Njia ya Ziwa Masoko Ina Milango Mingi

Nimezaliwa Bulyaga, si mbali na Ziwa Masoko, na sikuwahi kuliona. Ziwa lilikuwa la wageni wenye kamera. Sisi tulikuwa na shule, kuni na kuchuma kahawa. Sasa nilikuwa nimeandika riwaya nzima yenye mwanamke anayeishi kando yake, na maji yake nimeyasimulia kwa kutazama picha za watu kwenye simu. Likizo ilibaki siku moja. Kesho yake alfajiri nilikuwa na basi la Dar, na muswada ulikuwa unasubiriwa.

Kosa langu lilikuwa kumwambia shangazi. Akasema mtoto wa kwao haendi Masoko peke yake kama mtalii, akajifunga kitenge kipya.

Bodaboda ilituacha barabarani saa tatu asubuhi, jua likiwaka juu ya migomba. Nilimweleza kwamba msimu huu ukungu hushuka mchana, kwa hiyo twende moja kwa moja. Akakubali, kisha akakata kona kwenye mlango wa kwanza. Huwezi kupita kwa watu bila kuwasalimu, na ukisalimu unakaa, ukikaa unakula. Nyumba ya kwanza tulikula ndizi kwa maziwa ya mgando. Ya pili, ndizi kwa maharage. Kwenye ya tatu niliomba maji tu, shangazi akanitazama kana kwamba nimetukana.

Saa nane tulifika kwa bibi mmoja, binamu ya mama yake shangazi. Alikuwa uani na vikapu vitano vya kahawa mbivu, nyekundu, na mashine ya mkono ya kumenyea. Waliokuwa wamsaidie walikuwa wamekwenda msibani Kinyala. Bibi hakuomba chochote. Alituwekea viti tu.

Shangazi hakukaa. Alikunja mikono ya blauzi.

“Shangazi, ziwa,” nikasema.

“Ziwa litachacha?”

“Ukungu unakuja.”

“Nakuuliza, litachacha? Kahawa hii ikilala hivi, kesho inanuka. Shika mpini.”

Nikashika mpini. Nilizungusha kwa hasira, na mashine iliipenda hasira yangu; punje zilitoka zikiteleza, nyeupe, zenye utamu wa kunata. Bibi alicheka, akasema mjukuu kutoka Dar ana mikono laini lakini moyo wa trekta. Kila nilipoinua macho, kilima cha mbele kilikuwa kimepungua kidogo, kana kwamba mtu anakifuta kwa kitambaa. Kikapu cha tano kilipokwisha, kilima hakikuwepo. Bibi akasema ndaga, asante, mara tatu, akaenda kuchemsha ndizi.

Niliukimbilia ukingo wa ziwa hata hivyo. Nilisimama juu yake nikihema. Chini palikuwa na weupe tu, na sauti ya ndege fulani ndani ya weupe ule. Nilipiga picha tatu za kitu kisichokuwepo.

Shangazi alinikuta hapo, akatazama. “Si umeliona?”

Nilipiga simu ofisi ya basi, nikasogeza safari kwa siku moja. Nikamwambia kesho nakuja saa kumi na mbili asubuhi, peke yangu, kwa njia ya upande wa pili.

“Vizuri,” akasema, akinipangusa utomvu wa kahawa kwenye kiwiko. “Upande ule anakaa mjomba wako. Nitampigia akuandalie chai.”