Nilitoa betri kwenye rimoti ya mume wangu, lawama akaibeba binti yetu

Admin, nimekaa na ujumbe huu kwenye simu wiki nzima. Naomba utume bila jina langu, maana hapa kijijini wengi wanafuatilia ukurasa wako.

Mimi ni mama wa miaka 49, mjane, naishi Wilaya ya Iramba, si mbali na Kiomboi. Nina mtoto mmoja tu, binti wa miaka 25. Nimwite Rehema, ingawa silo jina lake.

Marehemu mume wangu alikuwa fundi wa redio na TV. Alianza kazi miaka ile biashara ilipofunguliwa, vitu vya umeme vikaanza kumiminika hadi huku kwetu. Mikono yake ilikuwa haitulii. Alinunua kompyuta iliyotumika, akaitengeneza, akaiunganisha na TV na spika kubwa sebuleni, akajaza filamu na nyimbo za kwaya. Akaitafutia na rimoti, ili mtu achague filamu akiwa amekaa kwenye kochi. Majirani walikuwa wanakuja kushangaa. Yeye anacheka tu, anabonyeza.

Halafu akapata kiharusi. Upande wote wa kulia ukafa, na maneno yakapotea. Tulimlaza sebuleni mbele ya TV, na kilichobaki kwake ni mkono wa kushoto na ile rimoti. Rehema, wakati huo ana miaka 13, ndiye aliyemfundisha: "Baba, ukituhitaji ongeza sauti mpaka juu. Tutasikia hata tukiwa shambani." Ikawa ndiyo njia yake ya kuita. Sauti ikipanda, tunakimbia. Kiu, kugeuzwa, kubadilishwa nguo, yote aliyasema kwa rimoti.

Ndugu zangu, nilimtunza miaka miwili na miezi kadhaa. Kumwinua, kumfulia, kumlisha. Ndugu zake walikuwa wanakuja, wanatoa pole, wanaondoka. Sisemi haya ili nijitetee. Nasema ili mjue nilikuwa nimechoka kiasi gani siku ile.

Ilikuwa mchana, Rehema yuko shule, mimi niko uani napiga alizeti. Sauti ikapanda. Nikaenda, nikamgeuza. Nikarudi, ikapanda tena. Nikampa maji, hakunywa. Mara ya tatu nikambadilishia filamu. Mara ya nne nilimuuliza, "Baba Rehema, unataka nini?" Akanitazama tu, machozi yanamtoka. Sikujua anataka nini. Labda alikuwa anajisikia vibaya. Labda alitaka tu nikae naye. Hilo sitalijua mpaka nakufa.

Ya tano niliingia na hasira. Nikamnyang'anya rimoti, nikapunguza sauti, nikatoa betri mbele ya macho yake, nikamrudishia mkononi ikiwa tupu. Nikamwambia, "Haya, ita sasa." Aliniona nikizitia betri mfukoni. Nikarudi kwenye alizeti zangu.

Nilipiga alizeti zaidi ya saa moja, na moyoni nikasema, afadhali kimya.

Niliporudi nilimkuta ameanguka kutoka kitandani, uso uko chini, amelalia mkono wake mbovu. Ameshapoa. Rimoti iko kwenye mkono wa kushoto, kidole gumba bado kiko juu ya kibonye cha sauti. Na mimi, kabla sijapiga yowe, nilipiga magoti nikarudisha zile betri. Ndipo nikaita watu.

Mama mkwe alipofika aliniuliza, "Hakukuita?" Nikajibu, "Hakuita, mama."

Siku ya pili ya msiba, Rehema alisimama katikati ya wanawake. Akasema, "Bibi, ni mimi. Asubuhi nilichukua betri mpya za rimoti nikaweka kwenye tochi yangu ya kusomea. Za baba nikamwekea zile za zamani. Zitakuwa zilikwisha, ndiyo maana hakuita."

Betri zile zilikuwa nzima. Ziliniita mara tano. Nilikuwa nimekaa pale pale kwenye mkeka, hatua tatu kutoka kwa mwanangu, na sikufungua mdomo. Bibi yake akamwambia, "Basi umemuua baba yako." Bado nikanyamaza.

Tangu siku hiyo mpaka leo, Rehema akimwamkia bibi yake "shikamoo", hajibiwi. Miaka kumi. Anaamkia kila wanapokutana, kisha anatoka taratibu.

Sasa mama mkwe ni mgonjwa, hainuki, na mimi ndiye ninayemtunza. Kila nikimlisha ananiombea: "Mungu akulipe, ulimtunza mwanangu vizuri."

Mwezi uliopita kijana mmoja mwenye heshima alileta wazee wake kumposa Rehema. Alikataa. Nilimfuata jikoni, nikamuuliza kwa nini. Alisema bila hata kulia, "Mama, mimi si mtu wa kukabidhiwa mtu. Nilikabidhiwa baba, unajua kilichotokea." Nilitaka kumwambia pale pale. Nikamwambia, "Usiseme hivyo, mwanangu," kisha nikaenda kuteka maji.

Wazee wa kijana wamesema watarudi mara moja tu kusikia jibu. Mama mkwe naye sidhani kama ana siku nyingi. Nikisema, Rehema atajua kwamba mama yake alimwacha abebe mzigo huu tangu utoto, na sina mtoto mwingine. Nisiposema, bibi yake ataondoka bila kumwitikia, naye ataamini mpaka uzeeni kwamba aliua.

Mnaweza kunitukana, sitakataa. Lakini mkimaliza, nishaurini: nianze kumwambia nani kati ya hawa wawili, na mdomo wangu nitaufunguaje?