Tiki Tisini na Saba za Maji

Bochaberi alikuwa na ugonjwa wa kupenda chati. Wenzake katika shirika dogo la misaada mjini Lamu walipenda posho za safari; yeye alipenda kuona majibu ya watu yakigeuka duara la rangi. Alitoka Kisii, akapanga chumba mtaa wa Langoni, na kwa miaka mitatu kazi yake ilikuwa kukusanya majibu ya dodoso visiwani na kuyaingiza kwenye programu ya ripoti, wafadhili wayaone bila kusoma sana. Maana wafadhili, Mungu awape umri mrefu, kusoma hawapendi.

Mwaka jana walitaka kujua kijiji cha Mbwajumali kinahitaji nini, wapeleke mradi mmoja tu. Fomu iliuliza: "Mnahitaji nini? Chagua yote yanayofaa." Chini yake maji, zahanati, madarasa, jeti ya kufungia mashua, taa za sola. Bochaberi akaenda, simu mkononi, nyumba mia na ishirini.

Ya kwanza ilikuwa ya Bi Hindu, mama wa makamo. Jabia la mtaa wake, lile birika kubwa la kukingia mvua, lilikuwa limepasuka, naye alifuata maji ya chumvi kisima cha mbali, mtungi kichwani, goti bovu. Bochaberi alitaka kuweka tiki ya maji waendelee. Bi Hindu akamshika mkono.

"Nikitaka mai pekee, jirani yangu mwenye mwana mgonjwa nimwate na nani? Tia na zahanati. Na madarasa, ya wana wa Safaa, jirani wa hapo nyuma."

Jirani naye akasema vivyo hivyo, na maji ya Bi Hindu akayatia. Karibu kila nyumba ilikuwa hivyo. Kujiombea peke yako waliona aibu. Vijana kumi na wanne tu, waliojibia nyumba zao wakiwa barazani na karata, walitaka kitu kimoja: taa, wacheze hata kukiwa giza. Bochaberi aliondoka akimwahidi Bi Hindu kwamba maji yatakuja. Hilo lilikuwa kosa la kwanza.

La pili alilifanya Ijumaa, ripoti inasubiriwa. Aliiburuta safu ya majibu ndani ya programu, duara likajichora, na kipande kikubwa kuliko vyote kilikuwa cha taa za sola. Alishangaa, lakini chati aliiamini kuliko masikio yake. Akatuma.

Jumatatu alipotulia ndipo alipoona. Programu ilikuwa imehesabu kila mchanganyiko wa tiki kuwa jibu moja peke yake. Maji na zahanati, kumi na moja. Maji, zahanati na madarasa, tisa. Maji na jeti, sita. Maji yalikuwa yamekatwakatwa vipande kumi na kitu, na vijana wa karata wakawapita wote. Akayatenganisha majibu, akahesabu upya: maji, tisini na saba. Waliofikiria jirani walishindwa na waliojifikiria wenyewe, tena kwa mkono wake. Alijifungia chooni akalia.

Alimpelekea meneja wake, Bwana Jabez, chati mpya. Jabez si mtu mbaya. Aliwaandikia wafadhili siku hiyohiyo. Wakajibu kwamba wanashukuru kwa masahihisho, ila bajeti imeshapitishwa na taa zimeshaagizwa. Jabez akamwambia maji yakimwagika hayazoleki. Katika methali zote za Kiswahili, akaiona hiyo.

Mwezi wa sita nguzo nane zilisimama Mbwajumali. Kisha wafadhili wakataka kujua kama watu wameridhika: swali moja, jibu moja. Bochaberi aliomba atumwe mtu mwingine, lakini hakukuwa na mwingine.

Bi Hindu alimtilia chai, na chai ilikuwa na chumvi. Bochaberi akaungama yote, macho sakafuni. Bi Hindu alisugua goti, kisha akauliza: akisema hakuridhika, Bochaberi atafukuzwa kazi? Bochaberi akajibu kwamba hajui, huenda.

"Basi tia nimeridhika sana," alisema Bi Hindu. "Nawe ni jirani."

Bochaberi alimsihi aseme kweli. Bi Hindu akakataa katakata, na Bochaberi alipofika nyumba ya pili alikuta habari imeshamtangulia. Ya tatu, ya nne, hivyo hivyo hadi ya mia na ishirini.

Safari hii chati haikuwa na kosa lolote. Duara zima, rangi moja.