Baba Alipomimina Maji Darasani

Nakumbuka siku moja baba alikuja shuleni kunitoa. Mwanangu, kuishi kwingi ni kuona mengi, lakini ile aibu bado naihisi masikioni.

Ilikuwa miaka ya Ujamaa, kwetu huku Bumbuli. Mwalimu wetu wa hesabu na sayansi, binti mwenye sauti ndogo, alitufundisha kwa mikono: kujumlisha kwa maharage, kupima eneo kwa kamba shambani, kufinyanga vilima kwa udongo. Nikawa narudi nyumbani na tope hadi magotini. Baba akachukia. "Kufinyanga hata bibi yako anajua! Shule basi. Utachuma chai."

Kesho yake akaingia darasani amefura, jembe begani.

"Shikamoo, Mghosi," mwalimu akamwamkia, kwa neno la Kisambaa la kumheshimu mwanamume.

"Marahaba. Nimemfuata binti yangu."

"Sawa, baba. Ila kwanza tusaidie kumimina maji."

Lo! Nilitamani ardhi inimeze. Mezani palikuwa na makopo mawili yenye matundu, tumeyainamisha kama mashamba yetu ya mteremkoni. Moja lina udongo mtupu, la pili udongo uleule ulioota majani. Baba akasonya, akamimina. Kwenye majani yakatoka maji safi, taratibu. Kwenye udongo mtupu likashuka tope jekundu. Akamimina tena, safari hii bila kuombwa. Kisha akaketi kwenye dawati letu, magoti yakimgusa kidevu, wala hakuna mtoto aliyethubutu kucheka.

"Hili tope ndilo shamba langu?"

"Ndilo, Mghosi. Kila masika."

Mjue mtu mwenyewe: enzi za mkoloni alilala rumande kwa kukataa kuchimba matuta ya kuzuia udongo usichukuliwe na mvua. Akasema polepole, "Wale walituamrisha tu. Hakuna aliyetuonyesha."

Akachukua jembe lake. Nami nikakusanya madaftari yangu, nikainuka nimfuate.

"Wewe, wapi? Kaa usome!"

Nililia pale pale, mwanangu, kwa furaha, mbele ya wenzangu wote.

Sasa nawe unakwenda kufundisha. Samaki mkunje angali mbichi, ni kweli, lakini usimkunje kwa fimbo. Amri huzaa ukaidi. Anayekupinga mpe kazi aifanye kwa mikono yake, kisha unyamaze, umwache aone mwenyewe. Na akishaona, usimcheke kwa kuchelewa. Nenda, Mungu aibariki mikono yako, na watoto wako wakuulize bila kukuogopa.