Siku Niliyompelekea Mkaza Mwanangu Uji wa Mzazi

Aibu hii nawasimulia mwenyewe, maana mkiisikia kwa Mama Rukia atawaongezea na nisiyoyafanya, na niliyoyafanya yanatosha.

Mwanangu Hamza alinijia hapa kwangu Usagara, akaketi, akaniambia mkewe Zubeda anapasuliwa. Nikauliza anaumwa nini, akasema haumwi. Nikamwambia hebu rudia.

"Haumwi, mama. Ila mama yake alikufa kwa kansa ya vifuko vya mayai, na mama yake mdogo vilevile. Zubeda kapimwa damu Dar es Salaam, wakaona na yeye kairithi hatari hiyo, ndiyo maana vinatolewa mapema."

Sasa mie darasa la nne sikulimaliza, lakini najua mtu hukatwa penye jipu, hakatwi pasipo na jipu, na vifuko hivyo vikitoka uzazi umekwisha, nao wana watoto wawili tu, Asha na nduguye. Nikamwuliza, "Na wewe mume umekubali?" Akasema, "Tumekubaliana. Wewe tuletee uji tu, na usimwambie mtu." Nikaitikia, ila kichwani hakikuingia kitu.

Alipokwisha pasuliwa na kuruhusiwa kula, nikabandika uji. Nikafikiri (hapa ndipo nilipopotea) tumbo ni tumbo, na aliyekatwa tumbo hapa kwetu namjua mmoja tu, mzazi, naye hupewa uji wa pilipili manga na kufungwa mkaja, basi nikatwanga pilipili manga, nikatia na tangawizi, nikatoa na mkaja sandukuni, kile kitambaa cha kumkaza mzazi tumbo. Harufu ikavuka ua. Mama Rukia, jirani yangu, akachungulia.

"Shoga, huo si uji wa mzazi? Zubeda kajifungua?"

Ningesema hapana, yangeisha. Lakini nikisema hapana ataniuliza basi ana nini, nami nimjibu nini, kwamba kakatwa kwa kuwa ni mzima? Nikasema, "Tumshukuru Mungu," nikafunika sufuria.

"Na mimba mmeificha hivyo! Mchawi wenu nani, mie?"

Nikamimina uji chupani, nikabeba na mkaja. Nikapanda bajaji, nikafika wodini, nikamkuta Hamza anamfuta mkewe miguu kwa kitambaa cha maji (nikataka kumkemea, maana waume wa zama zangu, mke akilazwa, walisimama mlangoni wakakohoa), na kabla sijaweka chupa ya uji nikasikia vigelegele huko nje. Cha kwanza nikakijua ni cha nani. Mama Rukia huyo, kanifuata, nyuma yake wanawake wa mtaa, huyu na kanga mpya, yule na beseni la kuogeshea mtoto kalivaa kichwani kama kofia.

Nesi akawakimbilia. "Kina mama, hii ni wodi ya waliopasuliwa, si harusini!"

Wapi! Mama Rukia alikwisha fika kitandani, anafunua shuka upande wa ukutani. "Yuko wapi? Wa kike au wa kiume?"

Hamza akanitazama. "Mama, umewaambia nini?"

"Nimesema tumshukuru Mungu."

"Basi?"

"Basi."

Zubeda alikuwa ameshika pindo la ile kanga, machozi yanamtoka bila sauti, nikatamani nesi anifukuze mie wa kwanza. Kisha akasema polepole, "Mama Rukia, mtoto hakuna, wala hatakuja mwingine. Nimetolewa uzazi ili nisije kuugua kama mama."

"Kwani huumwi?"

"Siumwi."

"Na wamekukata?"

"Wamenikata."

Mama Rukia akanigeukia. "Na wewe unaelewa?"

"Sielewi."

Hapo Zubeda akaanza kucheka, kajishika tumbo, "Jamani msinichekeshe, nyuzi zitakatika," anacheka na kulia kwa pamoja, na Hamza hajui amfute machozi au amzuie kicheko. Nesi akatutoa wote.

"Mama abaki," Zubeda akasema.

Nikabaki, nimepakata mkaja wangu kama mjinga, nikamwuliza nililopaswa kumwuliza tangu mwanzo. "Mwanangu, kwa nini?"

"Siku naolewa mama alikuwa kaburini, mama mdogo yuko kitandani. Asha wangu ana miaka sita. Siku yake nataka niwepo, nigombane na wakwe zake." Akavuta pumzi. "Wa tatu nilimtaka, mama. Msidhani sikumtaka."

Nikamshika mkono. 

Tangu hapo nimekula yamini: jambo nisilolielewa sitalifunika tena kwa jina la Mungu. Mtu akiniuliza habari za Zubeda, namjibu kama alivyoniruhusu mwenyewe, kakatwa akiwa mzima apate kubaki mzima. Inakuwaje? Sijui. Kamwulizeni yeye, na mpige hodi kwanza.